AFYA YA NYUMBANI: Majani ya Sufuriani na Ugonjwa wa Saratani

Mwezi huu nitajibu barua moja tu, maana neno lililomo ndani yake limekwisha kuingia katika nyumba nyingi za Babati, toka Bonga mpaka Magugu, na walioniuliza kwa mdomo ni wengi kuliko walioandika. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi anasema kwamba dada yake, mama wa watoto wanne, aliona uvimbe mdogo katika titi la kushoto wakati wa mavuno. Uvimbe wenyewe hauumi. Alipowaambia wakubwa wa ukoo, walikaa kikao. Mwalimu alitaka dada apelekwe hospitali siku ile ile. Lakini mjomba wao, mzee mwenye heshima ambaye hapendi kuona mtu wake akipasuliwa, alitoa simu akawasomea habari aliyoletewa na rafiki: ya kuwa majani ya mstafeli yakichemshwa huua saratani mara 10,000 kupita dawa za hospitali, na ya kuwa matajiri wa dawa wameificha habari hiyo wasije wakakosa faida. Basi kikao kikakata shauri, dada anywe majani miezi mitatu kwanza, ndipo itazamwe. Huu ni mwezi wa pili. Mwalimu auliza: "Je, ni kweli kwamba majani na mizizi ya miti ina nguvu ya kuua saratani, au tunadanganywa?"

Swali hili ni jema, wala halistahili jibu la haraka. Wako wasomi ambao wakisikia neno "mitishamba" hucheka. Mimi sicheki, maana baadhi ya dawa kubwa za saratani zilizomo katika kabati za hospitali zetu leo zilitoka katika majani, magome na mizizi. Mjomba wa mwalimu hakukosea alipodhani kwamba mti waweza kuwa na nguvu hiyo. Tazameni kwanza jinsi nguvu yenyewe ilivyopatikana, ndipo tutakapojua kama yaweza kukaa katika sufuria.

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, ambazo waalimu wa elimu ya viumbe huziita seli. Seli huzaliwa kwa kugawanyika, moja huwa mbili, nazo hujua kiasi chake. Kidonda kikipona, seli za ngozi huacha kuongezeka. Saratani ni seli zilizoacha kutii kiasi hicho. Hugawanyika bila kukoma, hufanya uvimbe, kisha baadhi yake husafiri kwa njia ya damu na kwenda kujenga uvimbe mwingine katika mapafu, katika ini au katika mifupa. Kwa hiyo uvimbe wa titi usiouma si jambo dogo kwa kuwa hauumi. Mara nyingi saratani ya titi haina maumivu hata kidogo mwanzoni.

Sasa, liko ua ambalo wengi wenu mmelipanda mbele ya nyumba bila kujua habari zake. Ni mche mdogo unaofika magotini, majani yake ni ya kijani yenye kung'aa, na maua yake yana petali tano, ya rangi ya waridi au meupe. Hustahimili jua na ukame, na kwa sababu hiyo watu hulipenda hata makaburini. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Katika nchi nyingi watu walichemsha majani yake na kuyanywa kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada, Clark Noble, aliletewa bahasha ya majani hayo kutoka Jamaika, akampa ndugu yake Robert Noble, aliyekuwa mtafiti katika chuo kikuu cha mji wa London ulioko huko huko Kanada, ayapime kwa habari ya sukari.

Hapa nawaomba msome polepole. Robert Noble aliwapa panya maji ya majani yale wanywe. Sukari yao haikubadilika kitu. Kisha akawadunga maji yale kwa sindano. Sukari haikushuka vile vile, walakini panya walikufa kwa siku chache, miili yao imejaa vijidudu vya maradhi. Alipochunguza alikuta kwamba seli nyeupe za damu, zile askari wa mwili, zilikuwa zimepungua sana, na uboto wa mifupa ambamo huzaliwa ulikuwa umeharibika. Mtu mwingine angetupa majani yale akasema hayafai. Yeye alifikiri kwamba kitu kinachozuia seli nyeupe kuzaliana huenda kikafaa kwa saratani ya damu, ambayo ni seli nyeupe zilizozidi kiasi. Yeye na mwenzake Charles Beer wakafanya kazi ya kutenga kitu hicho peke yake, wakakipata mwaka 1958, nacho huitwa vinblastini. Watafiti wa kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, waliokuwa wakilichunguza ua lile lile, wakapata ndugu yake, vinkristini, iliyoruhusiwa kutumiwa kwa wagonjwa huko Marekani mwaka 1963.

Hufanyaje kazi? Seli ikitaka kugawanyika hujitengenezea nyuzi ndani yake, na nyuzi hizo huvuta mali ya urithi pande mbili, nusu huku na nusu huku. Vinkristini hushika vile vipande vinavyojenga nyuzi visiungane. Seli hukwama katikati ya kugawanyika, haiwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, ikafa. Na kwa kuwa seli za saratani hugawanyika kwa wingi, hizo ndizo zinazokamatwa zaidi. Walakini nywele, utumbo na uboto wa mifupa nazo hugawanyika kila siku, na mishipa ya fahamu hutumia nyuzi za namna hiyo hiyo kwa kazi zake nyingine. Ndiyo sababu mgonjwa anayetibiwa hutoka nywele, hupata ganzi vidoleni na kufunga choo. Dawa hii ni sumu kweli kweli. Mtu mzima hupewa kwa kawaida isiyozidi miligramu 2 kwa mara moja, kiasi ambacho kingekaa katika ncha ya kisu. Hutiwa katika mshipa wa damu tu. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na ikitiwa kwa makosa katika maji ya uti wa mgongo huua. Na ili kupata gramu moja yake huhitajiwa majani makavu mamia ya kilo. Kwa hiyo mtu atakayechuma majani ya ua lile mbele ya nyumba yake na kuyachemsha hajui kama amekunywa kidogo kisichofaa au kingi kinachodhuru. Nasema wazi, asifanye hivyo.

Wala habari hii si ya Ulaya na Marekani peke yake. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amwone mtoto wa miaka mitano hivi ambaye taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, meno yamelegea. Burkitt hakujua ni nini. Majuma machache baadaye alikuwa Jinja, akitazama nje ya dirisha la hospitali, akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake, mwenye uvimbe ule ule. Tangu hapo hakupumzika. Aliandika habari zake mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakasafiri kwa gari kuukuu majuma 10, kutoka Kampala, kupita Tanganyika, hata Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama wameona watoto wa namna hiyo. Hospitali nyingi walizozipitia zilikuwa za misheni, na watu wake waliwajibu kwa picha na kumbukumbu zao.

Ugonjwa huo sasa huitwa kwa jina lake. Zamani mtoto aliyeupata alikufa katika miezi michache, maana uvimbe wake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini kinachokimbia hivyo ndicho kinachokamatwa na dawa upesi. Burkitt alijaribu dawa kadhaa huko Kampala, na mwaka 1966 aliandika jinsi watoto walivyopokea vinkristini, ile iliyotoka katika ua la Madagaska. Uvimbe wa wengine uliyeyuka machoni pa mama zao. Mwaka 1967 ikafunguliwa pale Mulago nyumba ya kuwatibu, ambayo leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Katika nchi zenye dawa za kutosha, watoto tisa kwa kila kumi wenye ile saratani ya damu iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto hupona siku hizi, na vinkristini ni mojawapo ya dawa wanazopewa. Nasema mojawapo, maana hawapewi moja tu.

Kuna mti mwingine wa kwetu ambao habari zake hazijulikani sana, nami naupenda kwa sababu wafundisha subira. Mwaka 1972 mtaalamu wa Marekani aitwaye Kupchan alitangaza kwamba ametenga katika mti wa jamii ya Maytenus kutoka Ethiopia kitu kikali sana juu ya seli za saratani. Kikaitwa maitansini. Katika miaka ya 1970 zaidi ya tani 20 za mti wa jamii hiyo zilikusanywa katika vilima vya Shimba, karibu na Mombasa, zikapelekwa Marekani ili kitengwe zaidi. Kioo kilisema ndiyo, panya walisema ndiyo. Wagonjwa walipopewa, wakatapika, wakaharisha, wakapata ganzi, na saratani yao haikupungua kiasi cha kustahili mateso hayo. Ikaachwa. Fikirini tani zote zile, kisha ikaachwa! Miaka mingi ikapita, hata wataalamu wakabuni njia ya kuifunga sumu ile, baada ya kuigeuza kidogo, juu ya kingamwili, ambayo ni kama tarishi anayejua mlango wa seli ya saratani. Tarishi huipeleka sumu mlangoni, huingia nayo, nayo hufunguliwa ndani. Dawa hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 2013 kwa namna moja ya saratani ya titi. Tangu 1972 hata 2013 ni miaka 41. Na jambo la ajabu ni kwamba watafiti wa baadaye waliona dalili kwamba baadhi ya miti hiyo haitengenezi sumu yenyewe, bali hutengenezwa na vijidudu vinavyoishi mizizini mwake.

Nisirefushe kwa habari za mti wa Marekani ambao gome lake lilitoa paklitakseli, iliyoruhusiwa mwaka 1992 nayo hutumika hapa Tanzania. Njia ni ile ile.

Basi turudi kwa mstafeli. Ile hesabu ya mara 10,000 haikutungwa na rafiki wa mjomba. Mwaka 1996 watafiti walitenga katika mbegu za stafeli vitu kadhaa, na kimoja walipokitia juu ya seli za saratani ya utumbo mpana zilizokuwa zikikuzwa katika vyombo vya kioo, kilikuwa na ukali mara 10,000 kupita dawa mojawapo ya hospitali, juu ya seli zile. Habari ni ya kweli mpaka hapo. Kilichopotea njiani ni kile kioo. Katika kioo hakuna tumbo la kukisaga, hakuna ini la kukivunja, hakuna figo la kukitoa, wala hakuna mama wa watoto wanne aliyeizunguka seli ile. Siki huua seli za saratani katika kioo. Chumvi nyingi huziua. Maji ya moto huziua. Vitu vingi sana hushinda katika kioo na kushindwa katika mwili, kama mlivyoona maitansini ilivyoshindwa mara ya kwanza. Mpaka leo majani ya mstafeli hayajathibitishwa kwa wagonjwa kwamba yanaponya saratani yo yote. Na juu ya neno la kuficha, habari iliyochapishwa mwaka 1996 ili wataalamu wa dunia nzima waisome imefichwaje?

Liko na jambo la kuogopesha. Katika kisiwa cha Guadeloupe, katika bahari ya Karibi, waganga waliandika mwaka 1999 kwamba wanaona wagonjwa wengi kuliko desturi wa kutetemeka na kukakamaa viungo, mfano wa ugonjwa wa Parkinson, lakini dawa za ugonjwa huo haziwasaidii. Wengi wao walikuwa wametumia stafeli na chai ya majani yake kwa muda mrefu. Waganga wakashuku vitu vile vile vinavyosifiwa kwa kuua saratani, maana vilipopimwa kwa panya viliharibu seli za ubongo. Ni shuku, haijawa hukumu. Lakini mwenye kunywa kila siku aijue.

Najua mtakalosema, maana wengi wenu mlikwenda Samunge. Mwaka 2011 magari ya Babati nayo yalipita Mto wa Mbu na Engaruka kwenda Loliondo kwa marehemu Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye watu wote walimwita Babu. Kikombe kilikuwa shilingi 500, kimechemshwa kwa mizizi ya mugariga, na foleni ya magari ilikuwa na urefu wa kilometa nyingi. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021. Sitamsema vibaya. Shilingi 500 si bei ya mtu mwenye tamaa, nao waliotajirika kwa safari ile ni wengine. Ila watu walikuwa na saratani, kisukari na UKIMWI, na wako walioacha dawa zao baada ya kikombe, na wako waliofia njiani na katika foleni ambao kitanda cha hospitali kilikuwa karibu nao zaidi kuliko Samunge. Serikali iliuchunguza mti ule, ikasema kikombe hakidhuru kwa kiasi kile. Watu wakalipokea neno hilo kama ushahidi wa kuponya. Mimi naliona vingine. Dawa za mimea zilizothibitika kuua seli za saratani, ambazo nimewasimulia hapo juu, zote zina madhara makubwa, kwa sababu kazi yao ni kuua. Kinywaji ambacho maelfu wanakunywa bila hata mmoja kutoka nywele, sharti tuulize kinaua nini.

Haya, Mwalimu, sasa nasema nawe na mjomba wako. Miezi mitatu si muda mdogo kwa uvimbe wa titi. Wagonjwa wengi wa saratani katika nchi yetu hufika hospitali wakiwa wamechelewa, uvimbe umekwisha kupasua ngozi au umehamia mapafuni. Hapo ndipo watu huona amekufa baada ya kupasuliwa, nao husema kisu kiliamsha saratani. Kisu hakikuiamsha, ilikuwa macho siku nyingi. Wala si kila uvimbe ni saratani. Uvimbe mwingi wa titi kwa wanawake vijana si saratani kabisa, na dada yako aweza kuwa anateseka usiku kwa hofu isiyo na sababu. Hakuna awezaye kujua kwa kutazama au kwa kuota ndoto. Sharti kitolewe kipande kidogo kwa sindano na kutazamwa kwa darubini.

Aanzie hospitali ya mkoa hapa mjini, au Dareda, au Haydom kwa walio karibu na Mbulu. Ikionekana ni saratani ataandikiwa barua ya kwenda mbele: KCMC ya Moshi, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1996 katika majengo ya hospitali ya zamani ya Wadachi. Kama nauli na gharama ni shida, na nadhani ni shida, aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hajauza ng'ombe wa maziwa. Mtu wa kumsindikiza awe yule atakayekumbuka maneno ya mganga, maana mgonjwa mwenye hofu husikia neno moja tu na mengine humpita.

Tena amwambie mganga wazi kwamba amekunywa majani ya mstafeli, kwa muda gani na kiasi gani. Asifiche kwa haya. Ini ndilo linalovunja majani, na ini hilo hilo ndilo litakalovunja dawa, kwa hiyo mganga ahitaji kujua ni mzigo gani umekwisha kuwekwa juu yake. Mganga akimkaripia, avumilie. Dawa zikianza aache majani yote, ya mstafeli, ya mlonge, ya mpapai na mengineyo, mpaka aulize. Nimesikia kwamba katika minada yetu siku hizi huuzwa unga wa magome katika chupa zisizo na jina la mti. Huo asiuguse kabisa.

Kwa mjomba naomba Mwalimu atumie adabu. Asimwambie mbele ya kikao kwamba amedanganywa. Amsomee habari ya wale panya wa Kanada, waliokunywa na waliodungwa, kisha amwombe yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye mkubwa, ampeleke mpwa wake hospitali juma hili. Mzee akiombwa hivyo aghalabu hutangulia mbele.

Barua ilikuwa na swali jingine pembeni, kwa mwandiko wa mtu mwingine, nadhani ni wa dada mwenyewe: kama anakatazwa na kulila tunda lenyewe. Hapana, tunda moja la msimu likiiva, alile pamoja na watoto. Shuku ya Guadeloupe ni juu ya watu waliolitumia mara nyingi na kwa muda mrefu, na zaidi chai ya majani. Mbegu zitupwe.